Salamu Haiozi

Salamu haiozi, huoza mtu. Ndiyo methali mliyoisikia jana nyumbani kwa muuza mkaa, Bi Hidaya alipomzuia mkwewe mlangoni asimshike mgonjwa mkono, nanyi mkaangua kicheko kana kwamba amesema upuuzi. Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Kaeni chini, na simu mziweke kando, maana sirudii.

Haikutoka kwa wahenga. Ilitoka Tanga, kwenye nyumba ya wazee ya Mtofaani, nilikokuwa muuguzi mkuu kabla yenu kuzaliwa, na chanzo chake ni hiki.

Pale Mtofaani wazee walikaa barazani kwa mstari, kila mmoja na kiti chake, na siku ya Ijumaa ndugu zao walikuja kuwaona. Desturi yetu mnaijua. Hupiti mbele ya mzee bila shikamoo, na shikamoo haitoshi mpaka uuchukue mkono wake uubusu. Wala si mkono wa babu yako peke yake. Ukimbusu babu yako ukamruka jirani yake, umemtukana jirani. Kwa hiyo mgeni mmoja alianzia kiti cha kwanza akamalizia cha mwisho, mdomo ule ule, mikono yote ile. Miaka mingine lilikuwa jambo la kupendeza. Mwaka ule ndilo lililotuponza.

Ilianza kwa mzee mmoja kutapika Jumamosi asubuhi. Kufika jioni nusu ya baraza ilikuwa inatapika na kuharisha. Daktari alisema ni kirusi cha tumbo, kinachotoka mkononi kwenda mdomoni. Kijana kama nyinyi kinamlaza siku mbili, kisha anaamka anadai chai. Mzee kinamkausha. Maji yanamtoka kuliko yanavyoingia, na mwili wa umri ule hauna akiba.

Nikafanya kazi yangu. Wagonjwa nikawazuia vyumbani mwao, sakafu zikapigwa klorini, kila mgonjwa akapewa kikombe chake cha maji ya chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko. Jumapili ndugu waliosikia habari wakaja kuwajulia hali; getini nikaweka ndoo ya bomba na sabuni, nikatangaza: hakuna kubusu mikono, hakuna kushikana, mpaka niseme mimi.

Wote wakaitikia, "Sawa, nesi." Hiyo sawa yao ingekuwa dawa, Mtofaani nzima ingepona siku ile ile.

Kunawa kwenyewe sasa! Mmoja alilowesha vidole viwili kama anayeonja mchuzi. Mwingine, bwana mwenye kanzu iliyonyooka kwa pasi, akanionyesha kichupa cha spiriti ya mikono. "Mimi nimeshajipaka, nesi." Nikamwambia kirusi hiki hakiiogopi spiriti, kinataka sabuni na maji yanayotiririka. Akatabasamu, akapita. Nikageuka kumfungulia mwingine geti, kurudisha macho barazani namkuta ameinama juu ya mkono wa Bi Kibibi, anaubusu.

"Si nimesema?"

"Ameunyoosha mwenyewe, nesi. Niuache unaning'inia?"

Bi Kibibi alikuwa mzima. Jumatatu akaanza kutapika, Jumatano tukamzika. Alilala chumba kimoja na Bi Tunu, na kwa miaka yote niliyowajua waligombana kwa ajili ya dirisha linalotazama baraza: Kibibi analitaka wazi, Tunu analitaka lifungwe kwa sababu ya upepo. Baada ya maziko nilikwenda kulifunga. Bi Tunu, naye hoi kwa ugonjwa ule ule, akasema, "Liache wazi."

Mngedhani hapo watu wamejifunza. Waliokuja kuhani walitaka kuwabusu wafiwa mikono.

Sasa, katika baraza ile alikuwapo Mzee Mbaruku, aliyekuwa karani wa mahakama, mtu wa kikoi cheupe na maneno makubwa. Mjukuu wake Saumu alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na mtoto akapewa jina la mzee. Ijumaa ile Saumu alikuwa anatoka arobaini na angemleta kwa mara ya kwanza. Mzee alikuwa ameweka tende kwenye kikopo chini ya mto. Angetafuna moja, achukue kidogo kwa kidole, ampake mtoto kwenye ufizi, kama alivyofanyiwa yeye. Hakuna aliyepita pale asiambiwe habari ya tende zile.

Nilimwambia waziwazi. "Ukifika Ijumaa mzima, mtoto utamwona. Ukitapika, humwoni."

"Mimi? Sijaumwa tumbo tangu enzi za Mwingereza."

Ijumaa asubuhi nikapita uani, nikaona kikoi cheupe kwenye kamba. Hakikukamuliwa, kilikuwa kinachuruzika, na povu limeganda pindoni. Nikasimama. Mzee Mbaruku hakuwahi kufua hata leso tangu azaliwe; akitaka nguo ifuliwe alipiga fimbo sakafuni mpaka mtu aje. Mtu wa namna hiyo haamki kabla ya wenzake kufua kikoi, ila kama ana la kuficha.

Nilikwenda barazani mbio, na nilikuta wamenitangulia. Saumu na mama yake walikuwa wamekuja mapema kukwepa jua. Saumu ameshapiga goti mbele ya kiti, mtoto ameshafunuliwa uso, na taya la mzee linatafuna.

"Saumu, rudi nyuma na mtoto!"

"Kuna nini, nesi?"

"Rudi nyuma kwanza! Mzee Mbaruku, kile kikoi umekifua kwa nini?"

"Kilimwagikiwa chai."

"Chai ipi, na jikoni hawajawasha moto?"

Akapandisha sauti, ile ya mahakamani. "Vyeti vyote hivyo ulivyosoma, adabu hukupangiwa hata kipindi kimoja? Damu yangu imekuja kunisalimu, wewe unaifukuza kama kuku! Mimi mzoga?"

Mama yake Saumu naye akadakia. "Mwache, nesi. Kidogo tu. Mzee akiondoka hajamgusa mtoto, lawama utaibeba wewe?"

Hasira ikanipanda. Nilikuwa nimeshasema. Nimesema getini, nimesema barazani, nimesema mazikoni, na hawa hapa wanataka kukitia kirusi kwenye kinywa cha mtoto wa siku arobaini na kukiita baraka. Saumu alimtazama babu yake, akanitazama mimi. Magoti yake yalikuwa bado sakafuni. Mzee alikuwa ameshatoa tende kwa ncha ya kidole, na kidole kinakwenda.

"Mbaruku!"

Sauti ilitoka dirishani. Bi Tunu alikuwa ameshikilia nondo kwa mikono miwili, amebaki mifupa na macho.

"Naam, Tunu."

"Kibibi yuko wapi?"

Mzee akageuza uso.

"Nakuuliza wewe karani. Kibibi alisalimiwa vizuri sana. Alibusiwa mkono na mtu mwenye kanzu ya pasi, nami nilikuwa hapa hapa naona. Haya, niitie huyo Kibibi."

Bi Tunu akausogeza uso kwenye nondo.

"Salamu haiozi, Mbaruku. Huoza mtu. Mrudishe mtoto kwao, na salamu yako utaikuta pale pale ulipoiweka."

Kidole cha mzee kilibaki hewani na tende yake. Kisha akakirudisha taratibu, akakifunika kwa mkono wa pili, kama mtu aliyekamatwa na kisu mkononi.

"Nimetapika mara mbili," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Saumu, ondoka naye. Usinisogelee."

Nilimsimamia Saumu pale kwenye ndoo akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, mama yake akanawa, na safari hii hakuna aliyeniambia kidogo tu. Walipokuwa wanatoka getini mzee akamsomea mtoto dua kutoka kitini kwake, kwa sauti ya mahakamani, na mtaa mzima ukasikia.

Kisha akaanguka kitandani, na tulimrudisha duniani kwa kijiko. Bi Tunu alipona kabla yake. Mtoto hakuumwa hata kidogo. Ugonjwa ulipokwisha Saumu alirudi naye, na Mzee Mbaruku akaagiza ndoo na sabuni, akanawa, akanawa, mpaka Bi Tunu akapiga kelele dirishani: "Basi, Mbaruku, utajichubua ngozi!" Akampakata mtoto asubuhi nzima. Tende nilimwambia azile mwenyewe. Mtoto asiye na meno hana haja nazo.

Wageni waliondoka na neno lile, wakalisema sokoni, wakalisema misibani, na leo linasemwa na watu wasioijua hata Mtofaani ilipo.

Ndiyo hivyo, hakuna cha kucheka. Na wewe Twaha, kesho tunakwenda kumwona bibi yako, nawe umeshinda chooni tangu alfajiri ukidhani sijui. Unabaki nyumbani. Usininunie. Bibi yako utamsalimu wiki ijayo, naye atakuwapo. Salamu haiozi, huoza mtu.