Mgombea Aliyemzika Mume wa Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla watu hawajapata simu, wanyama walikuwa nazo tayari. Siku moja wanyama wa Mawe Mapana walikuwa wakimchagua mshika ufunguo wa kisima. Mwenye ufunguo ndiye aliyeamua nani anywe.

Aliyependwa zaidi alikuwa Bwana Palahala, yule swala mkubwa. Hakuna aliyewahi kumwona. Waliona picha yake tu kwenye simu, pembe zimepinda vizuri, na kusikia sauti nzito ikiahidi maji kwa wote.

"Mheshimiwa yuko safarini," alisema wakala wake, Fisi. "Akishinda, ufunguo nitamshikia mimi."

"Sawa kabisa!" akanguruma Mzee Tembo. "Tazameni pembe zile!"

Lakini Bi Pimbi, mjane mdogo wa kule maweni, alikuwa na watoto wachanga. Alijua Fisi akishika ufunguo, hawatapata hata tone.

"Mimi nasema mgombea huyo hayupo," alisema mkutanoni.

Nyati akapiga kwato, pu! "Nyamaza, bibi wee! Msiba umekuchanganya. Rudi kwenye jiwe lako."

"Msiba ni wangu, Nyati, na akili ni zangu. Sinyamazi. Aliyekupa wewe mdomo ndiye aliyenipa na mimi."

Fisi akacheka. "Hi-hi-hii! Mwulize mwenyewe basi, shangazi. Mtumie sauti."

"Namtumia."

Pimbi akashika simu, akasema polepole, wote wakisikia: "Mheshimiwa, mimi mjane wa Pimbi. Sijakushukuru kwa siku ile ulipomshusha mume wangu kaburini. Mungu akulipe."

Fisi akainuka. "Samahani, nakwenda haja." Akapotelea nyuma ya kichuguu.

Haukupita muda, ti-riri! Sauti nzito ikatoka kwenye simu ya Pimbi: "Ah, mama! Usinikumbushe. Alikuwa rafiki yangu. Udongo wa kaburi lile ungali kwenye kwato zangu."

Fisi akarudi akitabasamu. "Mmesikia wenyewe?"

Nyati alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mzee Tembo," akasema Pimbi, "waambie mume wangu amezikwa wapi."

Tembo akajibu: "Hakuzikwa, mwanangu. Mto ulimchukua. Tulimtafuta mpaka kwenye matete, tukakosa hata unywele wake. Tukamswalia bila jeneza."

"Nani hapa halijui hilo?"

"Sote tunalijua. Sote tulikaa kwenye jamvi lako."

"Si sote. Mmoja alikuwa harusini ng'ambo ya mto, akitafuna mifupa. Aliporudi, alipita mlangoni pangu bila hata kusema pole. Hakuuliza hata mume wangu alikufaje."

Fisi akaruka juu. "Sasa mimi ningejuaje kama hakuna kaburi? Mbona hukuniambia?"

Kijiji kizima kikasema: "Ahaaa!"

Fisi akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini maneno yalikwishatoka. Nyati akapiga kwato, pu! Fisi akatimua mbio, vumbi tifu! Simu ikamdondoka. Kwenye kioo chake, palahala mwenye pembe nzuri alikuwa bado anawatazama.

"Chukua ufunguo wewe, mama," Nyati akasema kwa sauti ndogo.

"Sikuja kutafuta ufunguo," akajibu Bi Pimbi. "Mpeni yeyote mnayemwona kwa macho yenu."

Wakamfungulia kisima, akajaza mtungi wake, akawanywesha wanawe, kisha akamwombea mumewe dua palepale ukingoni mwa kisima.

Anayetaka ufunguo wenu, wanangu, mwulizeni kwanza alikuwa wapi mlipokuwa mkilia.