Kura ya Bampa za Pijo

Mchagua rangi hana mgonjwa. Leo mmeisikia kwa yule mama mkutanoni, wakubwa walipokuwa wakibishana geti la zahanati lipakwe bluu au kijani, na ndani ya zahanati hamna hata dawa ya minyoo. Mkaona ukumbi wote umenyamaza, mwenyekiti ameinamia meza, mkatoka mnaulizana amesema nini cha kutisha. Haya, kaeni. Endeleeni kuchambua kahawa yenu, mikono haina haja ya kusikia. Neno hilo halikutoka kitabuni wala halikuletwa na mgeni. Lilizaliwa hapa hapa Litembwe, na aliyelizaa alilizaa kwa uchungu.

Wakati huo chama cha ushirika kilikuwa na gari moja tu, Pijo 404, lile la mgongo mrefu lenye viti vya safu tatu. Halikuwa zawadi ya serikali. Wakulima walilinunua wenyewe, kila nyumba ikakatwa kahawa yake msimu mzima, na wapo watoto waliokwenda shule bila viatu mwaka ule kwa ajili ya Pijo. Kwenye mikutano lilitajwa kuwa gari la viongozi la kwendea wilayani. Lakini kwa watu lilikuwa gari la wagonjwa. Kutoka hapa mpaka hospitali ya misheni ni milima miwili na mto katikati. Mtu akizidiwa, ndugu zake walikwenda kwa Desderi, aliyekuwa dereva na fundi wake, wakamgongea dirisha, na Pijo likatoka. Hakuna aliyeomba kibali. Ulikuwa utaratibu wa watu, nao utaratibu wa watu wakubwa huusahau upesi, maana hawakuutunga wao.

Basi chama kikakaribia kutimiza miaka ishirini na mitano. Mwenyekiti, Ladislaus Mbunda, mtu wa sauti nzito na kofia ya manyoya hata jua likiwa kali, akasema wageni watakuja kutoka mkoani, na haifai wapokelewe na gari lililopauka kama kaniki ya matanga. Gari litengenezwe upya. Liwe la fahari, la kipekee, mtu akiliona ajue hili ni la Litembwe. Kamati ikapiga makofi.

Kwenye kamati hiyo alikuwamo Osmund Kinunda, mjumbe wa kitongoji cha juu kule msituni. Osmund hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa mkulima wa miche mia chache, na mke, Filotea, aliyemwoa wakiwa vijana kama nyinyi. Watoto Mungu hakuwajalia. Walikuwa wawili, wakizoeana kama meno na ulimi. Kwenye kamati Osmund alikuwa anakaa benchi la nyuma, akiitikia wanachoitikia wengine.

Desderi akaambiwa akwangue rangi ya zamani. Akakwangua, akang'oa bampa mbele na nyuma, akalipiga gari zima rangi ya msingi, ile ya kijivu yenye mabaka, akaketi kungoja kamati imwambie rangi ya juu. Injini hakuigusa. Injini ilikuwa nzima.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Zililetwa kadi za rangi kutoka mjini, zikapangwa mezani, na watu wazima wakaziinamia kama wanatafuta sindano. Mwenyekiti alitaka damu ya mzee, na bampa za kromu za kung'aa. Katibu, Hyera, alitaka kijani cha jani la kahawa, na bampa nyeusi.

"Bampa nyeusi ni ya lori la mkaa," alisema mwenyekiti.

"Na bampa ya kung'aa ni ya gari la maharusi," alijibu katibu. "Sisi tunaoa nani?"

Watu wakacheka. Kikao kikaisha bila uamuzi, kikaitishwa kingine. Kila kikao kilikuwa na mbuzi wake. Rangi ikikaribia kuamuliwa, bampa zikaleta ugomvi. Bampa zikikaribia, mtu akaikumbuka rangi. Na Osmund, tuseme ukweli wake, alivipenda vikao vile. Ilikuwa mara ya kwanza wakubwa kumuuliza, "Bwana Osmund, wewe unaonaje?" na kungoja jibu. Alisimama akasema kromu, kwa sababu inaonekana kwa mbali. Mwenyekiti akamwita mtu mwenye macho. Akarudi nyumbani kifua mbele, akamsimulia mkewe akiwa anamenya ndizi.

"Na mtachagua mpaka lini?" Filotea akamuuliza. "Juzi mama Ndimbo kabebwa kwa machela. Amefika hospitali miguu imevimba, na waliombeba mabega yamechubuka."

"Kidogo tu, mke wangu. Kitu kizuri hakitaki haraka."

"Haya, mjumbe. Angalia tu kisije kikaharakisha wengine."

Akasema hivyo huku akicheka, na Osmund akacheka naye.

Haukupita muda mrefu, asubuhi moja Filotea akaamka ameshika tumbo upande wa kulia. Alidhani ni ndizi za jana. Jua lilipopanda akawa amejikunja, jasho linamtoka na mwili wa baridi. Muuguzi wa zahanati akaja, akambonyeza kidogo, Filotea akapiga ukelele. Muuguzi akamvuta Osmund nje.

"Ni kidole tumbo, baba. Hapa sina la kufanya. Afike hospitali leo, tena mapema. Kikipasuka njiani hatutakuwa na neno."

"Kwa machela?"

"Machela itamtikisa milima miwili. Pijo si lipo?"

Osmund akashuka mbio. Alimkuta Desderi uani kwa ushirika amekaa juu ya debe, gari nyuma yake na mabaka yake.

"Desderi, linatembea?"

"Tangu lini likakataa kutembea? Lakini ufunguo anao mwenyekiti. Amesema lisitoke mpaka rangi ishike. Wako ndani, wanapigia kura bampa."

Osmund akaingia. Wajumbe waligeuka wote, na kabla hajafungua mdomo mwenyekiti akanyanyua mikono juu kwa furaha.

"Huyo hapo! Mungu hamtupi mja wake. Tumelingana kura, bwana Osmund, nusu kwa nusu, tangu alfajiri tunatazamana. Imebaki yako. Kromu au nyeusi?"

"Mwenyekiti, mke wangu anakufa. Naomba gari."

Hawakuwa watu wa kula watu, wale. Kuna waliosema pole. Mwenyekiti mwenyewe alivua kofia. Lakini kisha akaanza kueleza, na mkubwa akianza kueleza, jua limekwisha kuzama.

"Pole sana, ndugu yangu. Sana. Ila litazame lile gari. Halina bampa, halina rangi, limekaa kama mbuzi mwenye upele. Lipite sokoni hivyo, lifike misheni hivyo? Gari la chama litoke uchi? Na vumbi la barabara likiingia kwenye rangi ya msingi, fundi anaanza upya, sherehe imetufikia."

"Injini ni nzima, mwenyekiti."

"Najua. Tunafanya hivi. Wewe piga kura yako, tufunge ajenda. Ajenda ikifungwa, ya gari kutoka inakuwa dharura, tunaipitisha hapo hapo. Mambo kwa utaratibu."

Osmund alizitazama zile kadi. Alisimama pale akijaribu kukumbuka alichokuwa akikitaka, kromu au nyeusi, na hakukikumbuka. Aliona mdomo wa Filotea tu, ulivyokuwa umekauka. Akanyanyua mkono.

"Kwa kipi?" akauliza katibu.

"Chochote."

"Chochote si kura, ndugu mjumbe. Halafu, mwenyekiti, kwa mujibu wa kanuni, mjumbe aliyechelewa kufika..."

"Anapiga!"

"Hapigi! Ukitaka kushinda, shinda kihalali!"

Wakasimama upande huu na upande ule, vidole hewani, na katikati yao akasimama mtu ambaye mkewe anakufa, mkono bado ameunyanyua kama mtoto wa darasa la kwanza anayeomba kwenda chooni. Kisha akaushusha. Akaenda mezani, akauchukua ufunguo uliokuwa umelalia kadi za rangi, akatoka nao. Hakuna aliyemzuia. Ndiyo kusema walikuwa wanaweza kumpa tangu alipoingia.

Desderi aliliendesha Pijo lile kama mwizi. Kuku wa sokoni waliruka, watu walitazama gari lenye mabaka lisilo na bampa likipita, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Walimpakia Filotea kiti cha kati, kichwa chake mapajani mwa mumewe. Mlima wa kwanza alikuwa anagumia kwa maumivu. Mlima wa pili akanyamaza, akasema, "Sasa imeacha kuuma." Osmund akashukuru. Hakujua kwamba kidole tumbo kikiacha kuuma ghafla ndipo kimepasuka.

Hospitali walimpokea, daktari akamfunua tumbo, akaona wamechelewa, akamfunika tena. Alikata roho siku ile ile jua likielekea kutua. Daktari alikuwa padre mgeni, mzee, hakuzoea kuficha maneno.

"Mngemleta asubuhi, mngerudi naye," alisema.

Asubuhi Osmund alikuwa amesimama mbele ya kadi za rangi.

Kesho yake watu walijaa uani kwake. Wanaume walikuwa wanachimba kaburi nyuma ya migomba, wanawake wamekaa ndani na marehemu, na seremala alikuwa amemaliza jeneza la mbao mbichi, ameliweka nje juu ya magogo. Hapo akafika mwenyekiti na katibu, safari hii wamepatana. Nyuma yao Desderi alibeba makopo mawili ya rangi, uso ameuinamisha.

Mwenyekiti akampa Osmund mkono, akatoa pole ya chama. Akasema chama kilijitahidi kikatoa gari, lakini Mungu alipanga yake. Alilisema hilo mbele ya watu, macho makavu. Kisha akaendelea kwa upole, maana hakuwa na nia mbaya, na watu wasio na nia mbaya wameua wengi:

"Chama kitagharimia jeneza, mjumbe mwenzetu asizike kimaskini. Rangi tunayo, tulinunua kopo moja moja la kujaribia. Ipo damu ya mzee, ipo kijani. Na vishikio, seremala anavyo vya kung'aa na vyeusi. Wewe sema tu, ungependa vipi?"

Desderi akayaweka makopo chini.

Osmund akayatazama. Akainuka taratibu, akaja mpaka kwenye jeneza. Akasema, "Fungueni yote mawili."

Yakafunguliwa. Akachovya kijiti kwenye damu ya mzee, akachora mstari ubavuni mwa ubao. Akachovya kingine kwenye kijani, akachora pembeni yake. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akatazama. "Lisogezeni juani," akasema, "kivulini rangi hudanganya." Wakalisogeza. Akatazama tena, kichwa upande huu, kichwa upande ule. Akaomba vishikio, akakipima cha kung'aa kwenye mbao, akakitoa, akapima cheusi. Akarudia cha kung'aa.

Jua lilikuwa kali. Jasho lilimtoka mwenyekiti chini ya kofia. Akajaribu kucheka kidogo.

"Bwana Osmund, yoyote itafaa. Kaburi liko tayari. Watu wanangoja."

"Wangoje, mwenyekiti," Osmund akasema, bila kupandisha sauti. "Kitu kizuri hakitaki haraka. Jana mliniuliza, nikashindwa kuchagua. Nilikuwa na mgonjwa. Leo niacheni nichague vizuri. Leo sina mgonjwa."

Akainama tena kwenye makopo. Mwenyekiti akanyoosha mkono kumzuia. Katibu alikuwa anatazama ardhi. Ndipo mama mzazi wa Filotea, bibi kizee aliyekuwa ametoka mlangoni ameshikilia mwimo, akawaambia wale wakubwa wawili:

"Mwacheni achague. Mchagua rangi hana mgonjwa."

Filotea alizikwa kwenye mbao mbichi zenye mistari miwili. Pijo lilipakwa rangi baadaye, kwa ajili ya wageni, na lilikuwa zuri, wote walioliona walisema lilikuwa zuri. Msiniulize lilipakwa rangi gani. Litembwe hakuna anayekumbuka.

Ila neno la yule bibi lilibaki. Kwa hiyo mkiwaona wakubwa wameketi wanabishana kwa starehe juu ya kitu ambacho watu wamesimama mlangoni wakikililia, msidhani ni wajinga. Wanajua sana. Wanachokosa si akili, ni mgonjwa wa kwao nyumbani. Leo yule mama alipowaambia, alikuwa anawauliza tu, katika nyumba zenu nani anaumwa? Na wao wakaelewa, ndiyo maana wakanyamaza.

Mchagua rangi hana mgonjwa.