Fundi Asiyesema Ameshiba

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba palikuwa na fundi wa makubadhi katika mji wa Siyu, jina lake Mshamu bin Heri, mtu wa sala na mtu wa kweli. Makubadhi yake yalikuwa imara, lakini watu hawakumtaja kwa viatu vyake. Walimtaja kwa ulimi wake. Siku moja bwana harusi alivaa jozi mpya, akaenda na kurudi mbele yake, akamuuliza kama amependeza. Mshamu akamwambia, "Makubadhi ni mazuri, bwana. Miguu ni hiyo uliyojaaliwa." Yule bwana akacheka, akalipa, na jibu hilo likazungumzwa mjini kuliko harusi yenyewe.

Hakuna aliyemsikia akisema uongo, hata ule mdogo ambao watu wema hujiruhusu kwa ajili ya adabu. Mtu akimkuta mwenzake anakula, huambiwa "karibu", naye husema "nimeshiba", hata kama tumbo linamlilia. Hiyo ndiyo desturi. Mshamu hakuiweza. Akikaribishwa naye ana njaa, alisema ana njaa, akanawa mikono.

Mwaka mmoja masika yalikuwa makali, paa la kibanda chake cha kazi likaanguka, na ngozi zote zikaoza. Hakuwa na cha kununulia nyingine. Aliyemwokoa ni Mwana Zena, mjane aliyekuwa akishona kofia tangu ujana wake. Kila kofia aliyouza alitenga kitu kidogo, akiweka nia ya kwenda kuhiji.

"Chukua, mwanangu," alimwambia, akimtolea akiba ile. "Mahujaji wa mwaka huu wamekwisha kuondoka. Nirudishie kabla hawajaondoka wa mwakani, maana macho yangu hayangoji msimu mwingine."

Wakashuhudisha watu wawili kama inavyoagizwa, Mshamu akapokea, akamwombea dua, akaenda zake.

Ngozi zikanunuliwa, kibanda kikaezekwa, wateja wakarudi. Mshamu akashona mfuko mdogo wa ngozi, akauita mfuko wa Mwana Zena, akauning'iniza nyumbani juu ya kitanda. Lakini miezi ikapita na mfuko ukabaki mwepesi.

Sababu ilikuwa njia ya kurudi nyumbani. Baada ya sala ya alasiri Mshamu alifunga kazi, na njia yake ilipita kwa Salmini, mpishi wa halua, aliyekoroga sufuria yake ya shaba mbele ya baraza, na harufu ya iliki na samli ikawapokea watu kabla yake yeye.

"Fundi, kazi imekwenda?"

"Imekwenda, alhamdulillahi."

"Na hamu ya halua, ipo au haipo?"

Mwingine angesema ameshiba akapita. Mshamu alisimama, akaichungulia nafsi yake kwa insafu, bila kujipendelea, akaikuta hamu imekaa palepale, imeshakunja na mikono ya kanzu.

"Ipo," alisema.

"Basi kaa."

Akakaa. Na kwa kuwa muungwana hali peke yake, aliwageukia waliokuwa barazani, akasema, "Karibuni." Wao walikuwa watu wa desturi, wangeweza kusema wameshiba. Lakini kwa Mshamu walikuwa wamejifunza kusema kweli. Wakakaribia wote, na mlipaji alikuwa yeye. Kisha mwuza mishkaki wa upande wa pili, ambaye alikuwa amelisikia jibu, naye akauliza swali lilelile. Hata Mshamu alipofika kwake, alikuwa na tumbo zito na mkono mtupu, na moyo wake umetulia kabisa, maana tangu asubuhi hakuwa amesema uongo.

Siku moja Mwana Zena alikuja kibandani. Hakutaja deni. Alivua kiatu chake kikuukuu, akaweka unyayo wake juu ya kipande cha ngozi, akasema, "Nipime, mwanangu. Nishonee yaliyo imara. Ni ya kuendea Makka."

Mshamu akainama, akauzungushia unyayo ule mstari wa makaa. Ulikuwa mwembamba na umepasuka kisigino.

"Yatakuwa tayari?" aliuliza Mwana Zena.

"Makubadhi yatakuwa tayari, mama," alisema Mshamu, na hakuweza kuongeza neno, kwa kuwa lililobaki asingeweza kuliapia.

Mwana Zena akamtazama, akavaa kiatu chake, akaondoka. Jioni hiyo Mshamu alirudi na huzuni, akapita kwa Salmini, akaulizwa, akajibu kama ilivyo ada yake. Huzuni haikuwa imeipunguza hamu. Iliizidisha.

Mkewe Saada alikuwa ukumbini akipepeta mchele.

"Leo umeuza, bwana wangu?"

"Nimeuza vizuri."

"Fedha iko wapi?"

"Salmini aliniuliza kama nina hamu."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia kweli. Ulitaka niseme uongo, Saada?"

"Hasha. Katika nyumba hii nani asemaye uongo?" Aliweka ungo chini. "Lakini naona mji mzima unakuuliza nawe unajibu. Na mimi nina swali langu."

"Uliza."

"Fedha uliyompa Salmini ilikuwa ya nani?"

Mshamu alifungua kinywa aseme "yangu", ulimi ukamgomea. Akaufunga. Akajaribu mara ya pili, ukamgomea tena.

"Ilikuwa ya Mwana Zena," alisema.

"Basi mbona hilo humwambii Salmini? Kila siku unamwambia kweli ya tumboni, unamficha kweli ya mfukoni."

Mshamu aliinuka. Alikwenda akatawadha, akasali rakaa mbili, akakaa juu ya mswala kitambo kirefu. Aliporudi alisema, "Nusu ya kweli nayo inashibisha," na Saada akacheka mpaka mchele ukamwagika.

Kesho yake alipita njia ileile.

"Fundi, hamu ipo au haipo?"

"Ipo, Bwana Salmini. Lakini fedha si yangu."

Mwiko wa Salmini ukasimama katika sufuria. "Si yako? Umeokota?"

"Nimekopa. Ni ya Mwana Zena, ya Hija yake."

"Basi chukua, utanilipa siku nyingine."

"Deni haliondolewi kwa deni. Nitakuwa namdhulumu yeye na wewe kwa tonge moja."

Watu wa barazani wakaangua kicheko, mmoja akasema, "Leo tumefunga bila kunuia." Tangu siku hiyo neno lile likawa mchezo wa mji. Akipita sokoni waliita, "Fundi, hamu ipo?" Naye aliitika, "Ipo." "Na fedha?" "Ina mwenyewe." Watoto wa chuo cha Kurani waliliimba. Wenye kumhurumia walimshauri apite njia ya nyuma, naye akakataa, akisema kwamba njia ya nyuma ina vitumbua.

Siku za mwanzo alipita hali mate yanamjaa. Alisubiri. Mola humsaidia anayesubiri, na mfuko juu ya kitanda ukaanza kunenepa.

Ilipokaribia siku ya mahujaji kuondoka, jioni moja Salmini aliuliza swali lake kwa mazoea, bila hata kuinua macho. Mshamu, kwa mazoea yake naye, aliichungulia nafsi kabla ya kujibu. Akatafuta, hakuona kitu.

"Leo haipo," alisema, akapita.

Mteja aliyekuwa ameinua tonge alilirudisha kwenye jani la mgomba, akalitazama. Mtu asiyesema uongo amesema hana hamu na halua ya Salmini. Je, kumeingia nini katika sufuria? Maneno yakatembea usiku kucha, na kesho yake Salmini alikoroga halua wakala inzi.

Ndipo akamwendea Mshamu kibandani, jasho likimtoka.

"Fundi, umeniua."

"Kwa lipi, ndugu yangu?"

"Kwa neno moja. Watu wanasema halua yangu imeharibika, na shahidi wao ni wewe. Sikiliza. Leo alasiri nitakuuliza mbele ya watu. Sema ipo. Neno moja tu. Deni la Mwana Zena limebaki kiasi gani?"

Mshamu akamwambia. Halikuwa kubwa, lakini siku zilizobaki zilikuwa chache kuliko deni.

"Nitalijaza mimi," alisema Salmini. "Zawadi, si mkopo. Bibi wa watu aende akahiji."

Salmini alipoondoka, Mshamu aliketi na sindano mkononi asishone. Shetani hakumjia safari hii na harufu ya iliki. Alimjia na mjane, na Kaaba, na macho yasiyongoja msimu mwingine. Neno lenyewe lilikuwa dogo, na siku chache nyuma lilikuwa kweli. Alasiri ilipoadhiniwa alikuwa bado hajui atasema nini. Akasali, akafunga kibanda, akashika njia.

Baraza lilikuwa limejaa watu waliokuja kusikia, si kula.

"Fundi," alisema Salmini, "hamu ya halua, ipo au haipo?"

"Haipo."

Salmini akainamisha kichwa. Mshamu alipiga hatua mbili, kisha akasimama, kwa kuwa alikumbuka kwamba aliwahi kuponzwa na nusu ya kweli.

"Haipo," alisema tena, akiwageukia watu, "kwa sababu nimeikatalia siku nyingi mpaka imechoka kuja. Kosa si la halua. Tangu nizaliwe sijaonja nzuri kuliko ya Salmini, na hilo hakuna aliyeniuliza."

Mzee mmoja akasema, "Basi na sisi ambao hamu zetu hazijachoka, tupimie." Sufuria ikakwanguliwa kabla ya magharibi. Salmini alimkimbilia Mshamu na fedha katika kiganja, naye akamfumba kiganja kile.

"Ungenipa kabla sijasema, ningekuwa nimeuza ushahidi. Ukinipa sasa, nitakuwa nimeukodisha. Ile ilikuwa kweli tu, haina ujira."

Siku ya mwisho Mshamu aliutungua mfuko, akayachukua yale makubadhi, akaenda kwa Mwana Zena. Akamhesabia, kisha akamwambia bila kuzunguka, "Imepungua, mama. Nimejitahidi nikiwa nimechelewa kujitahidi."

Mwana Zena alizitazama fedha, akayatazama makubadhi. "Na haya bei yake nini?"

"Nilitaka kukupa, lakini zawadi ya mdaiwa kwa mdai wake ina harufu ya riba. Kwa hiyo yana bei." Akaitaja.

Mwana Zena akafungua pindo la ukaya aliojitanda kichwani, akatoa fedha alizokuwa amezitenga kwa viatu vya safari, akaziweka mkononi mwake. Mshamu akaziongeza juu ya zile nyingine, akazirudisha zote kwa mwenyewe. Deni likawa limekwisha. Fundi yule, ambaye mikono yake ilikuwa migumu kama ngozi ya nyati, alikaa chini akapangusa macho.

Asubuhi ya safari Mwana Zena alizunguka mji akiomba radhi, kama wafanyavyo wanaokwenda kuhiji. Alipofika kwa Mshamu akasema, "Mwanangu, nawe nisamehe. Zamani zile nilipita sokoni, nikakuona kwa Salmini unatafuna, nikasema moyoni: huyu anaila Hija yangu tonge kwa tonge. Nilikudhania vibaya. Niwie radhi."

Jirani mmoja akamwashiria Mshamu aseme "hapana neno", kama isemwavyo.

"Hukunidhania vibaya, mama," alisema Mshamu. "Nilikuwa naila. Anayestahili kuomba radhi ni mimi."

Mwana Zena akacheka, na akawa mwenye kucheka hata alipopandishwa chomboni. "Nimekusamehe," alisema. "Na ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu sana."

Basi tazama, ndugu yangu, jinsi nafsi ilivyo na hila. Kwa mtu mwovu huingia kwa mlango wa uovu. Kwa mtu mwema hutafuta wema wake, ikajificha nyuma yake, na ukweli wa Mshamu ndio uliokuwa karibu kumla mjane. Kutamani si dhambi, wala kukiri tamaa hakujawa toba. Anayedaiwa, akisimama mbele ya kinachomvuta, asijiulize tu kama anakitaka. Ajiulize kilichomo mkononi mwake ni cha nani, kisha aseme jibu lake kwa sauti. Mola atujaalie tuwe wenye kulipa tukiwa hai, na nyuso zetu zikiwa na furaha.