Panya Hana Jirani

"Panya hana jirani." Methali hii ilianza hivi, nami ninaijua tangu mwanzo wake kwa sababu ilitoka mdomoni mwa mama yangu mzazi.

Mmerudi kutoka kwenye kikao cha mtaa mnacheka, eti mwenyekiti amemwambia Otmari maneno hayo mbele ya watu, kwa kuwa ameziba matundu yote ya chumba chake halafu takataka zake akazimwaga nyuma ya nyumba ya Mzee Mbelwa. Na sasa mnaniuliza, Bibi, panya na ujirani wapi na wapi? Haya, kaeni. Wewe Otmari usijifiche nyuma ya dada yako Fausta, sogea hapa mbele.

Mimi nimekulia kambi ya mkonge, huko Tanga. Baba alitoka Songea akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, akaja kukata mkonge, na mama akamfuata. Siku hizi watu wakisikia habari za kambi wanasikitika. Ni kweli, kazi ilikuwa ngumu, na mikono ya baba ilibaki na makovu ya miiba hadi uzeeni. Lakini mimi nikipita mahali nikasikia harufu ya mkonge uliokamuliwa, ile ambayo wengine wanaizibia pua, machozi hunilengalenga. Ndiyo harufu ya utoto wangu, na ningeweza kuivuta kutwa nzima.

Nyumba zetu zilikuwa ndefu kama behewa, vyumba vingi chini ya paa moja la mabati. Kuta za kutenga vyumba hazikufika juu. Ziliishia kimo cha mtu mrefu, na juu yake palikuwa wazi. Ukikohoa, watu wa chumba cha nne wanakupa pole. Ukikaanga dagaa, wote wanajua unakula nini. Mama akiishiwa chumvi hakuhangaika kutoka nje. Aligonga ukuta, na mkono wa Mama Yusta ukatokea juu, umeshika chumvi kwenye kifuu.

Mama Yusta alikuwa Mhehe wa Iringa. Mumewe alifanya kazi kiwandani, kwenye mashine ya kukamulia mkonge tuliyoiita korona, na binti yao wa pekee alikuwa ameolewa kwao. Basi mapenzi yote ya mtoto akayamwaga kwangu. Ni yeye aliyenipokea siku nilipozaliwa, na ni yeye aliyenisuka nywele kila Jumapili kabla ya misa. Mama hakuwa na ndugu Tanga nzima ila yeye.

Lakini walikuwa watani. Sisi Wangoni na Wahehe tumekuwa watani tangu vita vya mababu, na ninyi mliozaliwa mjini hamjui utani ulikuwa kitu gani. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukusema vibaya hadharani, kukunyang'anya kofia, kukucheka hata kwenye msiba wako, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umeshindwa. Mama akidai kwamba babu wa Mama Yusta alitupa ngao akakimbia, Mama Yusta alijibu kuwa aliitupa kwa sababu miguu ya Wangoni waliokuwa wakikimbia mbele yake ilimtimulia vumbi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Mwaka mmoja, shamba la mkonge mzee nyuma ya kambi lilifyekwa na kuchomwa ili ipandwe miche mipya. Panya waliokuwa humo wangekwenda wapi? Wakaja kwetu. Kila Jumamosi tulipewa posho ya unga na maharage, na posho ile ilikaa kwenye magunia sakafuni. Takataka zilirundikwa nyuma ya nyumba. Walikuta karamu imeandaliwa. Juu ya zile kuta wakapafanya barabara yao.

Jioni moja mama alitutoa nje, akatupa pilipili kavu kwenye mkaa, akafunga mlango. Moshi ulipopanda, panya wote wakakimbilia upande wa pili. Mama akagonga ukuta akasema, "Mtani, nimekurudishia jeshi la babu yako. Lipokee, limechoka kukimbia." Nyumba nzima ikaangua kicheko. Kesho yake Mama Yusta naye akachoma za kwake, jeshi likarudi kwetu. Ukawa ndio mchezo wa kambi. Watu wakitoka kazini waliuliza, leo jeshi limelala kwa nani? Hakuna aliyeua hata mmoja. Baba alipotaka kuleta mitego, mama alimwambia asiwaharibie watu furaha yao.

Na ilikuwa furaha, siwafichi. Hata leo nikikumbuka vile vicheko vikipita juu ya kuta, moyo wangu unataka kurudi.

Kisha ikafika wiki moja mama akawa anachoma pilipili bila kujibiwa. Aligonga ukuta, kimya. Mume wa Mama Yusta alikuwa amepelekwa zamu kwenye kiwanda cha shamba jingine, hapakuwa na wa kumuuliza. Mama akasema hiyo ni hila tu, maana mtani hodari hujifanya mgonjwa, hata mfu, ili umpelekee kuku. Akajipaka majivu usoni, akafunga khanga kiunoni, akaenda mlangoni kwa mwenzake akiimba wimbo wa msiba kwa sauti kubwa. Nami nikafuata nyuma nikicheka.

Mama Yusta alikuwa amelala amejikunja, ameshika misuli ya miguu kwa mikono miwili. Alipogeuka tukaona macho yake. Yalikuwa ya manjano. Mama akakatisha wimbo.

"Mbona umenyamaza?" Mama Yusta akasema. "Unalia vibaya, lakini endelea."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Nilidhani nitapona kabla hujajua."

"Ungegonga ukuta, mwenzangu. Ukuta huu hapa."

"Mhehe amwite Mngoni aje kumwokoa? Babu angefufuka."

Mama alichukua ncha ya khanga akajifuta majivu usoni, akamfuta na mwenzake jasho, kisha akanituma kwa dresa, mhudumu wa zahanati ya kambi.

Dresa alimpima, halafu akauliza maji ya kunywa yanawekwa wapi. Mtungi ulikuwa chini ya ukuta, mdomo wazi. Akapanda kigoda akatazama juu ya ukuta ule. Palikuwa peusi kwa mavi ya panya, na mkojo wao ulikuwa umechuruzika mpaka usawa wa mtungi. Akatueleza kwamba ugonjwa umo katika mkojo huo, na unaingia kwa maji, kwa chakula, hata kwa kidonda cha mguu kikikanyaga palipolowa.

"Mnawaua?" akauliza.

"Tunawafukuza," mama akasema.

"Mkiwafukuza wanakwenda wapi?"

Mama aliutazama ule ukuta.

Mgonjwa alipakiwa kwenye troli ya reli ya mkonge mpaka barabarani, kisha gari likampeleka hospitali. Mama alikwenda naye, amempakata njia nzima. Lakini walikuwa wamechelewa, figo zilikwisha kuharibika. Mama Yusta alifariki akiwa mikononi mwa mtani wake, na mama aliniambia kwamba kwa siku zote zile za hospitali hakuna kati yao aliyeweza kumtania mwenzake.

Maziko yalifanyika kambini. Kwa desturi, mtani ndiye huchangamsha msiba. Huingia hata kaburini akagoma kutoka, akadai marehemu ana deni lake la kuku, mpaka wafiwa wenyewe wacheke. Watu wote wakamtazama mama. Akasimama ukingoni mwa kaburi.

"Panya hana jirani," akasema.

Wengine wakacheka, wakidhani utani umeanza. Akawaacha wamalize.

"Mwenye jirani nilikuwa mimi."

Hapo hakucheka mtu. Akachota udongo kwa mkono, akautupia, akarudi kukaa kwa wanawake.

Kesho yake alfajiri mama aliingia chumbani kwa Mama Yusta, si kwetu. Alianza kuziba matundu ya upande ule kwa mawe na udongo, akasugua ukuta kwa maji ya moto na sabuni, akaufunika mtungi ambao mume wa marehemu angeendelea kuutumia. Watu walipomwona wakaona aibu kusimama. Nyumba nzima ikafanya kazi siku hiyohiyo, kila chumba, maana chumba kimoja kikiachwa ni sawa na kuacha vyote. Posho ikaingia kwenye madebe yenye vifuniko, yakainuliwa juu ya mbao. Nyasi zikafyekwa, shimo la takataka likachimbwa mbali. Mitego ikategwa, na waliokufa waliokotwa kwa kijiti, wakachomwa, hakuna kuwashika kwa mkono mtupu.

Baadaye uongozi wa shamba ukapandisha zile kuta mpaka kwenye bati. Panya wakapungua, homa ile haikuua mtu tena kambini. Ilikuwa jambo jema. Lakini tangu hapo hatukusikia tena jirani akikohoa, na kicheko cha mtu kikabaki chumbani kwake. Kuna siku nililikumbuka lile pengo la juu nikalia. Watu walipoondoka kambini, kila mtu akaenda na yale maneno ya mama kwao, ndiyo maana hata mwenyekiti wenu anayajua, ingawa hajui ni ya nani.

Naona Fausta anataka kuuliza wale panya walikuwa wa nani, wetu au wa Mama Yusta. Mimi nami niliuliza, nikiwa msichana mkubwa. Mama alikuwa anachambua maharage, na kwa kuwa nilijua bado anaumia, nilimwambia labda ni wa Mama Yusta mwenyewe, labda waliomuua hawakuwahi kukanyaga kwetu.

Mama aliweka ungo chini.

"Unataka nifurahi kwamba walikuwa wa kwake?" akasema. "Panya hana jirani, mwanangu. Mimi nilikuwa naye."