Kadi ya Mize

"Aliyeambiwa ngoja, hakuambiwa sahau." Mmeisikia leo kituo cha afya mlipomsindikiza mama yenu, mkaja kuniuliza ilitungwa na mshairi gani, kwa kuwa mizani yake ni nane kwa nane. Haikutungwa na mshairi, wajukuu wangu. Imetoka katika nyumba hii, na chanzo chake ni kosa langu. Kaeni, niwaeleze ilivyoanza.

Nilikuwa na dada, Mize binti Hamad, aliyenifuata kwa kuzaliwa. Alipofiwa na mumewe alihamia kwangu, akawa anashona kofia karibu na dirisha la ua. Kalamu haikumkaa mkononi. Hesabu ya viua, yale maua madogo ya kofia zake, aliiweka kwa kutoboa karatasi kwa ncha ya sindano, kiua kimoja tundu moja. Mimi wakati huo nilikuwa maalimu wa chuo cha Kurani na imamu wa msikiti, na watu walinijia kwa dua kutoka vijiji vya mbali. Sisemi haya kwa kujisifu, mtaona yalivyonidhuru.

Mwaka mmoja, karafuu zikiwa zingali juani kwenye majamvi, wanawake waliotimiza miaka thelathini waliitwa wapimwe mlango wa kizazi. Mize alikwenda. Majibu yalipofika, nilimsindikiza kuyapokea. Mkunga, Bi Raya, mwanamke mwenye sauti kavu na moyo laini, alitukalisha akasema:

"Si saratani, Mize. Kuna chembe chache zilizoanza kugeuka, na mageuko yenyewe ni ya daraja la chini. Huletwa na kirusi kinachowapata wanawake wengi mno, wala si aibu. Aghalabu mwili huyaondoa wenyewe, ndiyo maana leo hatukati wala hatuchomi kitu. Lakini yako machache yanayobaki, yakakua kimya kimya bila maumivu. Basi tutangoja huku tunatazama. Rudi baada ya mwaka tukupime tena. Yakiwa yamebaki, tutayaangalia kwa darubini. Yakiwa yamekua, tutayatibu yangali madogo."

Akaandika tarehe kwenye kadi ya kijani, akampa.

Maneno yalikuwa marefu, nami nilichukua nusu yake. Nilisikia "si saratani", nikasikia "mwili huyaondoa", nikaanza kuhimidi palepale. Ijumaa iliyofuata tulisoma maulidi ya shukrani. Tulichinja mbuzi wawili, watu wakajaa mpaka barazani, nami nikanyanyua mikono nikasema: "Ewe Mola, tunakushukuru kwa kumponya dada yetu." Wote wakaitikia amina.

Mwaka ulipotimia, Mize alinijia asubuhi amekwisha kuvaa buibui, kadi mkononi.

"Kaka, leo ndiyo tarehe."

"Tarehe ya nini?"

"Ya kurudi kwa Bi Raya."

Nikacheka. "Mize, ule wali wa mwaka jana uliliwa kwa ajili gani? Tumekwisha kushukuru. Mja humshukuru Mola wake, kisha akaenda kuhakiki?"

"Lakini Bi Raya alisema—"

"Tunasoma vitabuni: yakini haiondolewi na shaka. Uzima wako ni yakini, na huko kurudi ni shaka. Tena watu wakikuona kituoni watasemaje? Dua ya Maalimu imerudi?"

"Haya, kaka. Wewe ndiye uliyesoma." Akavua buibui, akarudi dirishani kwenye kofia yake.

Kanuni ile ni ya haki, wajukuu wangu. Humtuliza mtu mwenye udhu anayeingiwa na wasiwasi bure. Mimi niliitia pasipo pake. Yakini sikuwa nayo. Nilikuwa na sifa yangu mbele ya watu, nikaivika kilemba cha elimu. Bi Raya alituma salamu mara mbili kumwita Mize, na mara zote mbili nilijibu kuwa hajambo. Na kweli hakulalamika. Alikula, akashona, akacheka.

Mwaka wa saba damu ilianza kumtoka isivyo siku zake. Safari hii sikumzuia, nilimbeba. Bi Raya alimpima, akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akatuandikia barua ya hospitali kubwa ya ng'ambo. Huko tabibu alitwambia kuwa wakati wa kukata umepita. Walimpa tiba ya mionzi, ikampunguzia damu na maumivu, wakaturudisha nyumbani.

Alasiri moja Bi Raya alikuja kumtazama. Nilikuwa nimeketi miguuni pa kitanda.

"Nisamehe, Mize," nikasema. "Tuliambiwa tungoje, nasi tulingoja. Ndivyo ilivyoandikwa."

Akatabasamu, midomo imemkauka. "Usijifiche nyuma ya maandiko, kaka. Aliyeambiwa ngoja, hakuambiwa sahau. Mimi nikingoja wali uive, huwa nafunua chungu. Wewe ulinipakulia ukiwa mbichi, ukasoma na dua ya kushiba."

Bi Raya alitaka kucheka, akashindwa, akageukia ukutani.

"Na ile yakini yako," Mize akaendelea taratibu, "uliipata wapi? Kadi haikusema nimepona."

Nilivua kilemba changu, nikakiweka magotini.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini usije ukamwambia hivyo mwanamke mwingine."

Alifariki kabla ya mwezi wa Rajabu. Bi Raya ndiye aliyeyatoa maneno yale chumbani, akawa anamwambia kila mwanamke anayemwandikia tarehe ya kurudi. Wanawake wakayapeleka visimani na harusini, hata mwenyewe akasahauliwa.

Baada ya hitima nilifungua kopo lake la nyuzi. Chini kabisa ilikuwapo ile kadi ya kijani, imekunjwa mara mbili. Kando ya tarehe aliyoandika Bi Raya palikuwa na matundu ya sindano, yamepangwa kama viua vya kofia. Niliyahesabu. Yalikuwa sita: moja kwa kila mwaka tarehe ile ilipofika ikapita. Mize hakusahau hata mara moja. Mara sita aliitoa kadi ile, akaitazama, akaitoboa, akairudisha koponi, akiningoja mimi niliyesoma nikumbuke.

Mama yenu leo ameambiwa arudi baada ya mwaka. Nileteeni kadi yake. Nitaibandika mlangoni mwangu, usawa wa macho, niione kila alfajiri nitokapo kwenda msikitini. Na siku hiyo ikifika, nitatangulia mimi kuvaa viatu. Aliyeambiwa ngoja, hakuambiwa sahau.