Majina Arobaini na Friji ya Baa

Wapendwa, kabla hatujaendelea, kila mmoja aweke kiganja chake cha kulia juu ya mkono wa kushoto, hapa, chini kidogo ya bega. Msione haya, hata mlioko nyuma. Hapo ndipo sindano ilipoingia. Kuna walioumwa mkono siku mbili, kuna ambao hawakusikia kitu, na leo wote tumekaa humu tunapumua bila kuzihesabu pumzi zetu. Sasa shusheni mikono, msikilize.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa, katika kata moja ya bondeni kunakolimwa mpunga. Mtu safi. Shati lake lilipigwa pasi hadi mfukoni, na ndani ya mfuko huo siku zile mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Upande mmoja ilikuwa barua kwa Mkuu wa Wilaya, yenye kichwa kilichopigiwa mstari kwa rula: YAH: OMBI LA KUFUNGWA KWA BAA ILIYO KARIBU NA NYUMBA YA IBADA. Upande wa pili yalikuwa majina ya wanaounga mkono, kila jina na umri wake, namba ya simu na saini. Mzee aliwafuata watu wazima tu, waliovuka hamsini, wenye heshima zao. Alipofikisha arobaini akasimama, kwa sababu arobaini aliiona ni namba yenye uzito wa kimaandiko.

Mtu mmoja tu alimgomea, naye alikuwa analala naye kitanda kimoja.

"Mimi siweki saini," mkewe alimwambia, huku akichambua mchele. "Nilipobanwa na kifua, wewe ukiwa kwenye mkutano wako wa kanisa, nilipelekwa hospitali na pikipiki ya nani, kama si ya mwenye hiyo baa?"

"Hayo ni mambo mengine, mama."

"Ni kifua changu. Kwangu si mambo mengine."

Mzee hakubishana. Mke wake alikuwa na pumu ya miaka mingi, na mwaka ule kila mtu mwenye pumu alikuwa akitazamwa kwa jicho la huruma. Ndio ule mwaka tuliokuwa tunazika watu kwa kusimama mbalimbali. Dada yake huyo mama alikuwa amefariki mwezi wa pili, kwa kuugua siku nne tu, na tangu hapo mzee alikuwa anaamka kabla ya alfajiri na kutega sikio upande wa pili wa kitanda. Akisikia ile filimbi ndogo ya kifua cha mkewe, anashukuru. Akiona kimya, anamgusa bega.

Kwa hiyo Ijumaa gari la wilaya lilipoleta chanjo ya korona, wa kwanza kufika zahanati alikuwa yeye. Alimkuta nesi ameketi kizingitini, ameshika kichwa.

"Chanjo imefika, mzee. Vichupa vinne, kila kimoja watu kumi. Wa kwanza ni waliovuka hamsini."

"Bwana asifiwe!"

"Sindano zimesahaulika. Zinakuja Jumatatu na gari lingine. Na friji yetu imekufa tangu juzi. Barafu ya kwenye kisanduku ikiyeyuka, hii yote itakuwa maji ya bure, na wamesema hawajui mzigo mwingine utakuja lini."

Wapendwa, mnacheka? Mimi nimefanya kazi kwenye ofisi. Chai inafika bila sukari, sukari inafika bila vikombe, na katikati kuna mtu anayeshika kichwa.

Basi wakatafuta friji. Kanisa lilikuwa nayo, zawadi ya marafiki wa ng'ambo, lakini injini ilikufa mwaka uliofuata, ikageuzwa kabati la vitabu vya nyimbo. Shule haikuwa na umeme. Mahali pamoja tu katika kata nzima palikuwa na friji nzima, na jenereta la kuiwasha umeme ukikatika, maana wateja wa pale wasingevumilia mpira kukatika dakika ya themanini. Nesi akapataja. Mzee akatazama viatu vyake.

Kisanduku kilikuwa na mikono miwili, na nesi alikuwa mwembamba. Ndivyo mzee wa kanisa alivyoingia baa saa nane mchana, ameshika upande mmoja wa kisanduku, macho mbele kama aliyebeba jeneza.

"Mzee wa kanisa!" akapaza sauti mmoja wa meza ya kona. "Karibu sana! Ya moto au ya baridi?"

Meza zote zikacheka. Mwenye baa, ambaye wote walimwita Mama Subi, akatoka nyuma ya kaunta akijifuta mikono kwenye kitenge. "Wewe nyamaza. Shikamoo, mzee. Nesi, kulikoni?"

Nesi akaeleza. Mama Subi akasikiliza mpaka mwisho.

"Inataka baridi ya kiasi gani?"

"Nyuzi mbili hadi nane, nina kipimajoto. Na isifunguliwe ovyo. Mpaka Jumatatu."

Mama Subi akageuka akatazama bango lililobandikwa ukutani. Jumapili walikuwa wanacheza watani wa jadi. Kwa mtu wa baa, siku ile ndiyo mavuno. Alitazama bango, akatazama friji, halafu akaanza kutoa chupa na kuzipanga sakafuni.

"Mama Subi, na sisi je?" yule wa kona akalalamika.

"Nyie mtakunywa ya moto. Babu yako alizaliwa na friji?"

Alipomaliza akaifuta friji kwa maji ya sabuni, akabandika karatasi mlangoni, HUMU HAMNA BIA, akaweka kiti mbele yake. Kiti hicho alikikalia siku tatu.

Nje, nesi akamwambia mzee, "Sasa nahitaji orodha. Watu arobaini waliovuka hamsini, majina na simu, niwapigie leo leo, Jumatatu waje kuchanjwa hapa hapa baa, chanjo isihamishwe tena."

Mzee akachomoa kijitabu chake aandike. Na ile karatasi ikachomoka pamoja nacho, ikaanguka, majina yakiwa juu. Nesi akaiokota, akaikunjua.

"Mzee! Majina, umri, simu, mpaka saini. Arobaini kamili! Ulijuaje?"

Jamani, hapo mlango wa ukweli ulikuwa wazi, na ulikuwa wazi kwa muda wa kutosha. Mngefanyaje ninyi? Mzee alikohoa.

"Niliona nijiandae mapema," akasema. "Ila utanirudishia. Nina kazi nayo."

Nesi akaibana kwenye kibao chake, majina juu, barua chini, akaondoka anamshukuru Mungu kwa wazee wenye mipango.

Mpango wa mzee, tuseme ukweli, ulikuwa mwepesi. Chanjo kwanza, barua baadaye.

Jumatatu asubuhi mkewe alivaa kitenge cha sikukuu, akafunga kilemba, akasimama mlangoni. Maneno ya mitaani yalikuwa yamemfikia na hayakumtisha. Jirani alimwambia sindano ile inaziba uzazi, akamjibu, "Nina miaka sitini na miwili, unataka nizae nini?"

"Umeniandika namba ngapi, baba?" akamuuliza mumewe.

Mzee aliganda na kiatu kimoja mguuni. Majina arobaini aliyajua kwa kichwa. Ya saba mwalimu wa kwaya, ya kumi na tisa mama wa ushirika, ya arobaini fundi cherehani. La mkewe halikuwepo. Lisingekuwepo, kwa sababu alikataa kuweka saini.

"Twende tu," akasema. "Twende."

Njia nzima aliomba mtu mmoja asitokee. Fikirieni sala hiyo! Mzee wa kanisa anamwomba Mungu mmoja wa waumini aogope sindano, au aone haya kuingia baa.

Wote walitokea. Walipita mlango wa mbele mchana kweupe, wengine wamejifunika khanga hadi puani, na barakoa siku hiyo zilipendwa kuliko siku zote. Mwalimu wa kwaya aliuliza kwa sauti kubwa choo kiko wapi, kisha akaenda moja kwa moja kabla hajajibiwa. Viti vya baa vikajaa. Mke wa mzee akapata benchi la ukutani, na kifua chake kilikuwa kinapiga ile filimbi, kwa sababu ya vumbi la njiani.

Sindano zilikuwa zimefika. Sauti ya nesi ilikuwa imekwisha kwa kupiga simu siku tatu, hivyo akampa Mama Subi kibao. "Dada, wewe una sauti. Niitie watu."

Mama Subi akaichomoa karatasi, akaigeuza aone kama majina yanaendelea nyuma. Alikuwa ameshavuta pumzi ya kuita, na macho yake yakakutana na herufi kubwa, akaziita.

"YAH: OMBI LA KUFUNGWA KWA BAA ILIYO..."

Aliendelea kusoma kimoyomoyo, mstari kwa mstari, na katika ule ukumbi hakuna aliyekohoa, mwaka ambao kila mtu alikuwa anakohoa. Watu arobaini, kila mmoja amekalia kiti chake, wanamtazama. Friji ikaendelea kunguruma. Jenereta nje, linakunywa mafuta yake.

Mlitaka afanye nini? Angewafukuza, ningeelewa. Angeichana, ningepiga makofi.

Mama Subi aliigeuza karatasi. Akaipangusa kwa kiganja kama mtu anayenyoosha kitambaa cha meza.

"Namba moja," akaita. Sauti ilikwaruza kidogo, akaisafisha. "Namba moja, Ezekia Mwambungu."

Mzee akasimama. Hatua saba mpaka kwa nesi, na alipofika ya tatu akashindwa.

"Mama Subi. Hiyo karatasi ni yangu. Niliiandika mimi."

"Nimeona. Mwandiko mzuri. Nesi anakungoja."

"Nafasi yangu mpeni mke wangu. Hayumo humo." Akamwonyesha kwa kidole. "Hayumo kwa sababu alikataa kuweka saini."

Mama Subi akageukia benchi la ukutani. Wale wanawake wawili wakatazamana, na kwa mara ya kwanza siku ile macho ya Mama Subi yakajaa. "Njoo, mama yangu," akasema. "Anza wewe."

Mke wa mzee akachanjwa wa kwanza. Mzee akaenda kukaa kule mwisho, mikono mitupu, na niwaambie, hakuwa na huzuni. Alikuwa anamtazama mke wake amekunja mkono wa nguo, akijisemea moyoni asante, asante, asante, bila kuongeza neno. Mama Subi aliita namba mbili mpaka arobaini. Hakuruka mtu.

Mwisho nesi akainua vichupa juu, akavitazama kwenye mwanga, akatabasamu. "Wanaovijaza kiwandani huweka zaidi kidogo ya kumi, ukivuta kwa mkono mtulivu unapata. Viwili vimetoa kumi na moja moja. Nina dozi mbili, na vikishafunguliwa havilali. Nani bado?"

Walikuwa wamebaki wawili tu: aliyeandika barua na aliyeandikiwa barua. Wakachanjwa mmoja baada ya mwingine, kisha nesi akawaketisha pamoja dakika kumi na tano, kama utaratibu ulivyo, awaangalie wasije wakapata kizunguzungu. Mzee wa kanisa, baa, dakika kumi na tano.

"Soda utakunywa, mzee?" Mama Subi akamwuliza. "Ila ni ya moto. Friji ilikuwa na wageni."

Akanywa. Alisema baadaye hajawahi kunywa soda tamu kama ile.

Alipoomba karatasi yake, nesi alitikisa kichwa. Ilikuwa imejaa alama za vema na namba za vichupa, ilikuwa kumbukumbu sasa, inakwenda wilayani na ripoti.

Mzee akauliza swali moja. "Nesi, utaibana upande gani ukiwa juu?"

Ndugu zangu, sisi ndio tuliokalia vile viti. Tusijidanganye kwamba sisi ni friji, au nesi, au Mama Subi. Kila mmoja wetu yumo kwenye karatasi yenye pande mbili. Upande mmoja ni tuliyoyaandika juu ya wenzetu, kwa mwandiko mzuri, kwa rula. Na Mungu ameisoma, mstari kwa mstari, kimya. Kisha ameigeuza, akaliita jina lako uje upone, kutoka kwenye karatasi ile ile uliyomshitakia mtoto wake. Ukipenda kuita hiyo bahati, ita. Mimi naiita neema, na neema hiyo ilitukuta tumekalia viti vya mtu tuliyetaka aondoke.

Asubuhi katibu ametusomea orodha ya shukrani. Tumeishukuru serikali, tumewashukuru wafadhili, tumeishukuru kwaya, na kwaya imejishukuru tena kwa wimbo. Vema. Sasa wekeni tena kiganja pale kwenye mkono wa kushoto. Kumbukeni nani alikaa kwenye kiti siku tatu ili hapo papate kuingia kitu kizima, kisichoharibika. Kila mmoja ana wake. Mmoja alibeba kisanduku, mwingine alikesha na jenereta, mwingine alipiga simu mpaka sauti ikaisha, na wengi wao majina yao hatujawahi kuyaandika upande wowote wa karatasi yoyote.

Baadhi yao leo wamekaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na mara nyingi hukaa pale ili watoke kabla hatujawaona. Leo tutafunga ibada mapema kidogo. Mkitoka, msipite pembeni. Simameni, mseme asante, na mkikaribishwa soda, hata ikiwa ya moto, mnywe.