Paka Aliyefuga Panya

Paukwa!

Pakawa!

Masikio yapo?

Yapo, na milango iko wazi!

Basi nipisheni nipite.

Hapo kale, zamani za kale, watu na wanyama wakisemezana, alikuwako mjane mmoja jina lake Bi Siwatu. Alikuwa mkulima wa mtama. Nyumbani mwake aliishi na Kuku, na Mbuzi, na Paka.

Kuku kazi yake mayai. Mbuzi kazi yake maziwa. Paka kazi yake panya. Na alikuwa hodari, huyo Paka! Akiruka, amekamata. Akikamata, haachi. Kila akiua panya, humpelekea Bi Siwatu mlangoni, naye Bi Siwatu humtilia maziwa kwenye kigae.

Panya wakapungua, wakapungua, wakabaki wa kuhesabika.

Siku moja akaja jirani, Bi Kae, kuomba moto. Akamwona Paka amelala, akasema, "Shoga, panya wakiisha, huyu atakula nini hapa? Si atakula bure?"

Bi Siwatu akacheka. Paka alikisikia kile kicheko, kikamchoma. Akanyanyuka, akatoka nje, roho imemruka.

Akajiambia, "Panya wakiisha, nami nimekwisha."

Basi akaenda ghalani. Humo alikuwamo Buku, mkubwa wa panya, mnene, mwenye mkia kama ugwe. Paka akambana ukutani, kisha akamwachia.

Buku akashangaa. "Mbona huniui?"

"Zaaneni," Paka akasema. "Mimi nitakuwa nakamata mmoja mmoja, wazee na wagonjwa, nipate cha kumwonyesha Bibi. Waliobaki sitawagusa."

Buku akatikisa masharubu. "Na sisi tutakula nini?"

"Mtama uliomwagika chini. Huo tu."

"Huo tu," Buku akasema.

Wakala uliomwagika chini, wakazaana. Paka akawa anapeleka panya mlangoni, na maziwa anapata. Bi Siwatu akawa anamsifu, "Paka wangu huyu, bila yeye ningekuwa nani?"

Punde Buku akaja tena. "Sheikh Paka, watoto wamekuwa wengi. Uliomwagika hautoshi. Tupe na uliomo kapuni."

Paka akakataa. "Ule ni chakula cha Bibi!"

"Sawa. Basi tutahama sote, na wewe ukae bila panya."

Paka akawapisha. Panya wakaingia makapuni.

Kuku alikuwa akidonoa pale uani, akaona. Akamfuata Paka, akamwambia, "Jirani, nakuona. Kwa nini?"

Paka akamweleza maneno ya Bi Kae, na kile kicheko.

Kuku akasema, "Loo! Ulitoka mapema mno. Mimi nilikuwepo mpaka mwisho. Bi Siwatu alicheka, kisha akamjibu mwenzake, 'Huyu amenifanyia kazi. Panya wakiisha, atakaa nami jikoni, tuzeeke pamoja.'"

Paka hakungoja zaidi. Akakimbia ghalani. "Buku! Mapatano yamevunjika. Tokeni!"

Buku akacheka mpaka akaketi. "Tutoke? Vizuri. Lakini kwanza napita kwa Bi Siwatu, nimweleze nani alitufungulia kapu. Au unyamaze, utupe na kile kibuyu."

Kile kibuyu kilining'inia juu ya jiko, kikifukizwa moshi. Ndani mlikuwa na mbegu za msimu ujao. Mwenye njaa hakigusi, hata awe anakufa.

Paka akalia, "Chochote kingine, Buku, si hicho."

"Hicho," Buku akasema.

Laiti Paka angekwenda kwa Bibi siku ile, akasema mwenyewe! Hakwenda. Aliona haya. Akajikunja penye majivu, akafumba macho, huku panya wakipanda kwenye kamba. Alisikia meno yao kru, kru, kru, naye akajifanya amelala.

Mvua za kwanza zikanyesha. Bi Siwatu akashika jembe, akakitungua kibuyu. Chepesi! Akakigeuza. Kitako kimetobolewa, ndani hamna hata punje.

Akasimama nacho mkononi. Mara Buku akatokea ghalani, akapita mbele ya pua ya Paka, taratibu, wala hakugeuza shingo. Na Paka hakuinua mguu.

Bi Siwatu akamtazama panya, akamtazama Paka. Akaelewa.

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako," akasema. Hakupiga, hakutukana. Akaketi kizingitini, mvua ikimlowesha miguu.

Kesho yake, chakula na mbegu vimekwisha, akamtia Kuku tengani, akamfunga Mbuzi kamba, akafunga mlango, akashika njia ya kwa kaka yake ng'ambo ya mto, kuomba mbegu na kipande cha shamba. Paka akamfuata nyuma, akilia, "Bibi! Bibi, nihurumie!"

Walipofika kivukoni, Bi Siwatu akageuka. "Rudi," akamwambia. "Kalinde ulichokuwa ukikilinda."

Paka akarudi. Nyumba kimya. Makapu matupu. Panya nao walikwisha kuhamia ghala la Bi Kae, na Buku hakuaga. Paka akakaa pale akila panzi na mijusi, manyoya yakamkatika, mpaka watoto wakimwona humwita kimburu, paka wa mwituni, na kumrushia mawe.

Enyi wasikilizaji, anayelifuga tatizo ili aonekane wa maana, tatizo litakua limpite kimo. Na kosa ukilificha, mwenye kulijua ndiye bwana wako.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.